Mikono ya Mkunga

Mkunga aliwatoa nje mume na mama mkwe, akafunga mlango. Mzazi alikuwa anavuja damu tangu mtoto atoke, na sindano haikuizuia.

"Sasa tuko wawili, mwanangu. Hakuna wa kukununia. Nikuongezee damu?"

"Hapana, mama. Dini yangu hairuhusu. Na dini ni yangu, si ya mume wangu."

Mkunga hakubishana. Aliurudisha mfuko wa damu kwenye boksi, taratibu, kama anayerudisha chombo cha jirani.

"Haya. Basi vumilia mikono yangu, maana si laini."

Akaingiza ngumi ndani ya njia ya uzazi, na kwa mkono wa pili akakandamiza tumbo kwa juu, kizazi kikabanwa katikati ili damu ikatike. Dakika kumi zikapita, kisha ishirini. Mabega ya mkunga yakafa ganzi. Mama mkwe, aliyerudi bila kuitwa, akamfuta mkunga jasho kwa ncha ya mtandio wake.

Kizazi kilikuwa teketeke kama unga uliozidi maji. Sasa, chini ya kiganja, kikaanza kuwa kigumu, na damu ikapungua.

"Mama mkunga," mzazi akanong'ona, "unaniumiza."

"Najua, mwanangu. Hebu niambie tena, nisikie kwamba bado upo."