Kiganja cha Maji

Mchungaji Obadia hakutambua kwamba amekosea mpaka kanisa zima liliponyamaza. Kwa miaka mingi aliwafundisha wanafunzi wa theolojia kuongoza ibada kwa kichwa, bila kitabu. Asubuhi hiyo alimpakata mtoto Tumsifu, akachota maji kwa mkono uleule uliotupa udongo makaburini wiki nzima, akammwagia utosini na kusema kwa sauti yake tulivu, "Udongo kwa udongo."

"Baba Mchungaji," mzee wa kanisa alimnong'oneza, "huu ni ubatizo."

Obadia aliyatafuta maneno ya ubatizo asiyapate. Yaliyomjia ni yale ya maziko tu. Kiganja chake, kilichokwisha kuchota tena, kilibaki juu ya kichwa cha mtoto.

"Nipe mwanangu!" mama yake alisema. "Mzima huyu, Mchungaji. Unamzika kwa nini?"

Akampokonya. Mtoto hakulia, alimkazia Obadia macho tu, maji yakimchuruzika nyusini.

Tangu Jumapili ile Obadia hajabatiza tena, na wakati wa sala nyumbani humwomba mkewe aanze yeye.