Chupa Iliyobaki Angavu

Chupa mbili za insulini zilikuwa zimekaa juani kwenye dirisha la maabara tangu Jumatatu. Ya kawaida ilikuwa imekatika kama maziwa. Ile ambayo Nyamizi, mtafiti kijana, aliiunganisha na molekuli za sukari ilibaki angavu.

"Imwage, binti, mradi wenyewe tumeshaufunga," alisema mkuu wa maabara. "Kutoharibika siyo kufanya kazi. Hata maiti hutulia."

"Siimwagi, Mzee. Mama yangu anajidunga kila siku, na hana friji."

"Sukari imtibu mgonjwa wa sukari? Utachekwa!"

Nyamizi alimdunga dawa ile panya mwenye kisukari aliyejikunyata kizimbani, kisha akaweka kigoda mlangoni, akakikalia ili mkuu asiondoke. Baada ya saa nzima aliweka tone la damu ya panya kwenye kipimo cha sukari. Mkuu, koti begani, akainama kutazama: sukari ilikuwa imeshuka.