Hatua Mbili Kutoka kwenye Spika

"Albamu ya pili ni hewa tupu!" Sitara alisema, na nusu ya wauza fulana wa soko la Mchikichini wakageuka.

Ndivyo anavyoongea siku zote, kwa sauti kavu, ya juu kuliko inavyotakiwa, utadhani yuko kwenye ugomvi. Mezani kwake hakuna nguo nyingine ila fulana nyeusi za bendi za roki, anazozichambua mwenyewe kila belo la mitumba linapofunguliwa. Wenzake wananadi mpaka mishipa ya shingo inawasimama. Yeye hanadi. Hukalia spika yake ya mbao badala ya kiti, mtandio kichwani, fulana ya fuvu kifuani, akingoja mwenye macho aje ajionee. Wateja wageni wakimsalimia kwa nyuma wasijibiwe, huondoka wakisema yule dada anaringa. Waseme tu. Sitara hakuwahi kuomba kupendwa na soko zima.

"Hewa tupu kivipi, dada Sitara?" aliuliza Vitalis. Vitalis ni fundi simu wa Kariakoo, na kila Jumamosi mchana huacha kazi zake akaja kubishana naye kuhusu Kutu, bendi ya vijana wanne wa Ilala wanaopiga roki katika mji ambamo hakuna aliyewaomba. Aliinama kuchambua fulana huku akiendelea kuongea.

"Nitazame ukiongea na mimi."

Vitalis akainua uso, akaanza upya. "Nasema hivi, ile ya pili ndo wamekomaa. Gitaa moja, sauti moja, utulivu. Mimi iliniliza bana."

"Nimeipiga mara kumi. Mle hamna kitu. Mtu ananong'ona na nyuzi zake, basi. Albamu ni ile ya kwanza! Wimbo wa tatu, besi inapoingia, unaipata hapa." Akajigonga kifua. "Halafu dramu za Heriel zinakupanda kuanzia kwenye nyayo. Wewe kama unataka utulivu, nenda kalale."

Vitalis alicheka, kisha akakumbuka kilichomleta.

"Huyo Heriel wako anahama. Kapata kazi Dodoma. Onyesho la leo saa kumi, pale ghalani Posta, ndo la mwisho. Baada ya hapo Kutu haipo tena."

Habari ile ilimuuma Sitara hasa, na hakujaribu kuificha sura yake.

"Halafu kuna jingine," Vitalis akasema taratibu. "Wamefunga kamba. Hakuna kusogelea spika, watu wote nyuma. Msimamizi ni yuleyule Safari."

Sitara alimfahamu Safari vizuri. Mwaka jana ndiye aliyemshika mkono akamvuta kutoka kwenye spika ya kushoto mbele ya halaiki, wimbo wa tatu haujafika hata katikati. Sitara alisimama nyuma saa nzima akiwatazama wenzake wakirukaruka, hakuambulia chochote. Alirudi nyumbani kwa miguu akilia njia nzima. Kwake yeye, onyesho la kutazamia nyuma halina maana yoyote, na leo ilikuwa nafasi ya mwisho.

"Mwaka jana si ungemwambia tu," Vitalis alisema.

"Nimwambie nini? Wengine wanajieleza? Nimelipa kiingilio kama wao." Akaanza kufunika meza kwa turubai. "Nitasimama hatua mbili kutoka kwenye spika. Palepale."

"Watakutoa."

"Waje wanitoe!"

Saa kumi ghala lilikuwa limefurika, jasho na vumbi. Nyimbo mbili za kwanza zilipigwa Sitara akiwa bado anapenya katikati ya watu. Mbele kabisa alikuta kamba nyekundu. Akainama, akapita chini yake, akahesabu hatua, akasimama mbele ya spika ya kushoto, ndefu kumzidi yeye. Kipaza sauti kilitangaza watu warudi nyuma. Kikatangaza tena, na tena. Yeye hakugeuka wala kutikisika.

Safari alikuja akamsimamia mbele, mikono kiunoni.

"Wewe tena? Tumetangaza mara tatu! Hukusikia?"

"Sikusikia."

Vijana waliokuwa kwenye kamba waliangua kicheko. Safari alidhani anadharauliwa, uso ukamkunjamana.

"Sogea nyuma, dada."

"Sisogei. Mwaka jana ulinitoa, nikatii. Leo hunitoi. Kama ni kunibeba, nibebe, lakini utanibeba nikikupiga mateke."

Safari alishusha mikono kutoka kiunoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na binti wa umri wa Sitara, na alizifahamu spika zile kuliko yeyote mle ndani. Akaacha ukali, akaanza kumbembeleza, akitamka neno moja moja ili makelele yasilimeze.

"Dada yangu, sikiliza. Nimefanya kazi disko miaka sita. Sikio langu hili halina kazi tena. Sitaki yakukute. Ukisimama hapo, utakuwa kiziwi!"

Jukwaani Heriel aliinua vijiti vyake kuanza wimbo wa tatu. Sitara, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alicheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akafungua pochi, akatoa kadi ndogo iliyochakaa pembeni, akaibandika kiganjani mwa Safari, kisha akampa mgongo na kuiweka mikono yake yote miwili juu ya spika.

Safari aliisogeza kadi kwenye mwanga. Ilikuwa ya chama cha viziwi, na picha iliyobandikwa ilikuwa ya Sitara akiwa na miaka tisa.