Jumamosi za Marehemu

Jumamosi ile pia Alphonce alinyoa ndevu kabla ya kwenda kaburini.

Glorious alimtazama akiwa mlangoni mwa jiko. Mumewe alikuwa ameipindua baiskeli, magurudumu juu, anapaka cheni mafuta na kufuta spoki moja moja kwa kitambaa. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Mbinga mjini.

"Leo ndiyo safari ya mwisho," Alphonce alisema. "Mvua ikishaanza, ule mteremko unakuwa sabuni. Mpaka Juni tena."

"Basi twende wote. Na mimi nikamwone."

"Baiskeli haibebi watu wawili kwenye mteremko ule. Halafu kwetu ziwani mke mpya haendi kwenye kaburi la mwenzake. Ni mwiko."

Akaondoka akipiga mluzi.

Walikuwa wamefunga ndoa kanisani mwaka uliopita. Alphonce alikuja Maguu kutengeneza mashine za kumenya kahawa, mwanamume mpole, mgane. Mkewe Eunice, alisema, alimfia akijifungua, yeye na mtoto. Alipomweleza Glorious habari hizo, machozi yalimlengalenga, na Glorious akampenda kwa machozi yale. Sasa ni machozi yaleyale yaliyokuwa yakimtafuna.

Kiangazi kikishaingia, kila Jumamosi ilikuwa ya Eunice. Alphonce alishuka ziwani alfajiri na kurudi Jumapili jioni, anasukuma baiskeli, samaki wakavu kwenye keria. Alilala kwa shemeji yake, dada wa marehemu. Wiki moja aliondoka na shati lisilo na kifungo, akarudi kifungo kimeshonwa.

"Shemeji ana mkono mwepesi," alisema.

Glorious hakuuliza zaidi. Angeuliza nini? Aliyekufa hazeeki, haunguzi mboga, hajibu vibaya. Utamshindaje mke wa namna hiyo? Hata kwenye kuungama aliona aibu kulitaja jambo lile. Alimwambia shangazi yake Walburga tu, naye akacheka mpaka akashika mbavu.

"Unamwonea wivu maiti? Mwenzio amelala udongoni, wewe umelala kitandani. Unataka nini tena?"

"Shangazi, kaburi gani linataka mtu anyoe ndevu?"

"Hata angevaa tai, wewe shukuru. Anayemkumbuka wa kwanza atakukumbuka na wewe."

Lakini leo ilikuwa safari ya mwisho, na Glorious hakuweza kungoja hadi Juni. Alikwenda kwa kaka yake Dunstan kuazima baiskeli. Alifunga mishumaa miwili kwenye kanga, akaiweka kwenye keria. Alitaka kuliona lile kaburi kwa macho yake. Alitaka kupiga magoti aseme: dada, umekuwa naye vya kutosha, sasa niachie.

Mteremko ulikuwa mbaya kama alivyoambiwa. Alikaza breki hadi vidole vikafa ganzi. Wachuuzi wa samaki waliokuwa wakipanda, baiskeli zao zimelemewa, walimpigia kelele: "Mama, rudi! Mvua hiyo!" Hakurudi. Kwenye kona moja changarawe ilimtelezesha, akaanguka na kuchubuka goti. Akainuka, akanyoosha usukani, akaendelea. Ziwa lilipotokea mbele yake, pana na la buluu, hakulitazama mara mbili.

Kijijini alimuuliza mama mmoja mwenye ndoo kichwani, "Kwa Alphonce fundi ni wapi?"

"Ile pale, yenye bati jipya."

Uani palikuwa na mwanamke mwenye umri wa miaka kama arobaini, anageuza dagaa juu ya chanja. Huyu ndiye dada wa marehemu, Glorious aliwaza.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. He! Umeshuka mlimani kwa baiskeli, peke yako? Na damu hiyo! Kaa, kaa hapa."

Akamletea kigoda na maji ya kunywa, kisha akapiga goti mbele yake na kuanza kumsafisha kidonda kwa kitambaa. Glorious alikuwa amekuja tayari kuchukia kila kitu cha Eunice, lakini mikono ile ilikuwa laini, naye alikuwa amechoka. Machozi yakamtoka.

"Kinauma?"

"Si goti, dada. Nimekuja kuona kaburi la Eunice. Mimi ni mke wa Alphonce."

Kitambaa kikasimama juu ya goti.

"Mke?"

"Wa ndoa, kule Maguu, tangu mwaka jana. Hakuwaambia?"

"Hakutuambia." Mwanamke alikikamua kile kitambaa polepole. "Na Eunice, amekwambia alikufa na nini?"

"Uzazi. Nisamehe, dada, najua ni damu yako. Lakini mwenzio sina amani. Kila Jumamosi yuko huku kwake. Naona hata aibu kusema. Namwonea wivu mtu aliyekufa."

"Usione aibu, mdogo wangu."

Alimfunga goti kwa kipande cha kanga, akakaza fundo, akahakikisha halimbani. Kisha akainuka, akajifuta mikono, akageukia mlango wa nyumba.

"Alphonce!" aliita. "Hebu amka. Njoo umwonyeshe mgeni kaburi langu."