Mwanafunzi wa Hirokawa

Mgeni alivua viatu mlangoni mwa ukumbi wa mazoezi, akaiinamia karatasi iliyotundikwa ukutani. Ilikuwa na majina kumi na mawili ya mabingwa waliorithishana uninja, la mwisho likiwa la Mwalimu Mbaruku mwenyewe.

"Huyu wa kumi na moja, Hirokawa, ndiye aliyenifundisha," alisema. "Kwa hiyo mwalimu, mimi na wewe ni ndugu. Nina haki ya kufundisha hapa."

Wanafunzi wakamgeukia mwalimu wao. Mbaruku aliketi mkekani taratibu, magoti yakimlia. Hirokawa hakuwahi kuwapo; Mbaruku mwenyewe ndiye aliyembuni, miaka ishirini iliyopita, mezani kwake, kwa kalamu ya kuazima. Neno moja lingetosha kumuumbua huyu mwongo, na lingewaumbua wote wawili.

"Alikuwaje?" aliuliza kwa sauti ya kuchoka.

Mgeni hakusita. "Mkali. Lakini kila asubuhi alilisha paka wake kabla hajatia kitu kinywani."

Miaka yote hiyo Mbaruku hakuwahi kumpa mzee yule wa kubuni hata paka mmoja. Akasogea, akamwachia mgeni nafasi mkekani.

"Wa rangi gani?" akauliza.