Kipande cha Pili cha Kanga

Saumu alikuwa akipanga vitu vya sanduku la marehemu mama yake: daftari za Saumu mwenyewe za darasa la kwanza, mwanasesere wa matambara, na kanga aliyobebewa mgongoni. Kipande kimoja tu, na kanga huuzwa doti, vipande viwili. Akamtazama wifi yake kwa jicho la pembeni.

“Wifi, cha pili umekipeleka wapi?”

“Tangu niolewe humu sijakiona.”

Saumu akauvuta mkoba wa wifi yake, akaanza kuupekua. Mlangoni Bi Raya, jirani yao, akapiga hodi. Alikuwa amejitanda kipande cha pili, kimepauka vilevile.

“Mama yako alikubebea hicho,” akasema, macho chini. “Hiki nilikufunikia mimi, siku nilipokuzaa.”

Mkoba ulikuwa bado wazi mapajani mwa Saumu, na mkono wake ungali ndani.