Sakafu Mbichi

Fundi Sefu alikuwa amemwita mara mbili atoke, lakini Hidaya, mwenye mimba ya miezi minane, aliendelea kukunja mapazia chumbani mwa nyumba waliyokuwa wakihamia. Aliposimama, sebule yote kati yake na mlango wa nje ilikuwa saruji mbichi, imelainishwa ikang'aa.

"Basi utakaa humo mpaka jioni," fundi alisema kutoka mlangoni, mwiko mkononi. "Mtu akikanyaga hapa, mimi sirudii."

"Sawa," Hidaya alisema.

Mama mkwe wake, Bi Mgeni, akatokea nyuma ya fundi na kikombe cha uji. Alilitazama tumbo la Hidaya, akauliza swali lake la kila siku.

"Mwanangu, anacheza?"

Kila siku Hidaya alijibu kwamba anacheza. Leo alilikunjua pazia, akalikunja upya.

"Hachezi, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi. Nilidhani amechoka na kuhama."

Uji ulimwagika kidogo kwenye vidole vya Bi Mgeni, wala hakuvifuta. Fundi ndiye aliyesema.

"Kanyaga, dada. Kanyaga tu, uje."

Hidaya alivua ndala kwanza, asije akachafua. Saruji ilikuwa ya baridi.

Walipokwisha kuondoka kwenda hospitali, fundi alipiga magoti kizingitini. Nyayo saba zilitoka chumbani hadi hapo alipo, visigino vimezama sana. Aliunyoosha mwiko kuufikia wayo wa karibu. Mkono ukabaki hewani, na sakafu ikaendelea kukauka.